Njia za Fahamu Ndani ya Ubongo: Zinachorwaje, na Zinatufundisha Nini?

Mwezi huu tunaingia katika somo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa la mabingwa wa vyuo vikuu. Tunazungumzia jinsi wataalamu wanavyochora ramani ya nyuzi za fahamu zilizomo ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, bila kumpasua. Tumelichagua kwa sababu wodini tunapokea wagonjwa wengi wa kiharusi, na ndugu zao hutuuliza maswali yaleyale: "Daktari amesema mshipa umeziba upande wa kushoto wa kichwa, mbona mkono uliolegea ni wa kulia?" "Mbona Baba anatutazama, machozi yanamtoka, lakini hasemi? Akili imemtoka?" Wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba huenda ametupiwa kitu na jirani. Majibu ya maswali hayo yamo katika njia hizo za ubongo. Basi tuzifahamu.

UBONGO UMEUMBWAJE?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, nao ni laini kiasi kwamba ukiutoa kichwani na kuuweka mezani hubonyea kwa uzito wake wenyewe. Ukikatwa, huonekana una sehemu mbili. Tabaka la juu ni la kijivu. Humo zimejaa chembe hai za fahamu, ambazo hupokea habari, huzipima na kutoa amri. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil walizihesabu chembe za fahamu za ubongo mzima wa binadamu wakapata karibu bilioni 86.

Chini ya tabaka hilo kuna sehemu nyeupe. Hii ndiyo inayotuhusu leo. Kila chembe ya fahamu ina mkia mrefu mwembamba, ambao ndio uzi wa kupeleka habari kwa chembe nyingine. Nyuzi nyingi zimevikwa ganda la mafuta, kama vile waya wa umeme unavyovikwa plastiki, na mafuta hayo ndiyo yanayoipa sehemu hiyo rangi nyeupe. Ganda hilo hufanya habari isafiri upesi. Uzi mmoja ni mwembamba sana. Unene wa nyuzi nyingi ni kama sehemu moja kwa elfu ya milimita. Lakini ukiziunga zote za ubongo wa kijana mmoja ziwe uzi mmoja, urefu wake unapita kilometa 100,000, yaani zaidi ya kuizunguka dunia mara mbili.

NYUZI HIZO ZINAKWENDA WAPI?

Nyuzi hazikutawanyika ovyo. Zimefungana katika mafungu, kama katani iliyokwisha kuchambuliwa na kufungwa tayari kwa kusokotwa. Mafungu hayo ni ya aina tatu.

Kwanza, yapo yanayopanda na kushuka kati ya ubongo na uti wa mgongo. Lililo muhimu kuliko yote katika kutembea na kushika ni lile linaloanzia juu ya ubongo na kushuka hadi uti wa mgongo, likibeba amri za misuli. Linapofika chini kabisa ya ubongo, karibu na shingo, nyuzi zake nyingi huvuka: za kushoto huenda kulia, na za kulia huenda kushoto. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza. Mshipa wa damu ukiziba upande wa kushoto wa ubongo, mkono na mguu wa kulia ndio hulegea. Ndivyo mwili ulivyoumbwa, wala hakuna mkono wa jirani hapo.

Pili, yapo yanayounganisha nusu ya kulia na nusu ya kushoto ya ubongo. Kubwa kuliko yote ni daraja lililo katikati, lenye nyuzi karibu milioni 200. Kwa daraja hilo, nusu moja hupashana habari na nyingine.

Tatu, yapo yanayounganisha sehemu za mbele na za nyuma katika nusu moja. Mojawapo limepinda kama upinde. Kwa watu wengi fungu hilo la upinde upande wa kushoto hufanya kazi kubwa ya lugha: huunganisha sehemu za nyuma zinazoshughulika na kuelewa maneno na sehemu za mbele zinazoyapanga ili yatamkwe. Tutalirudia hapa chini.

WALIOTUTANGULIA

Hamu ya kuzifuata njia hizi ni ya zamani. Mwaka 1665 kijana mmoja kutoka Denmark, Niels Stensen, alitoa mhadhara mjini Paris juu ya ubongo. Wauguzi tunamfahamu, kwa sababu mfereji unaoleta mate kutoka tezi ya shavuni unaitwa kwa jina lake. Ndiyo tezi ile inayovimba mtoto akipata matubwitubwi. Katika mhadhara huo Stensen aliwaambia wakubwa wa elimu kwamba mengi yaliyofundishwa kuhusu ubongo yalikuwa ya kubuni tu. Akashauri njia iliyo sahihi: uzi wa fahamu ufuatwe ndani ya ubongo, ionekane unapita wapi na unaishia wapi. Akakiri kwamba kazi hiyo ni ngumu mno.

Huyo Stensen baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, akapewa upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Ushauri aliotoa kuhusu nyuzi za ubongo ndio huohuo unaofuatwa na wataalamu wa leo.

Kwa muda mrefu njia pekee ilikuwa kuwapasua waliokwisha kufa. Katika miaka ya 1930 Mswisi Joseph Klingler alipata mbinu nzuri: aliuhifadhi ubongo katika dawa, kisha akaugandisha kwa baridi kali. Tunajua chupa ya maji iliyojaa ikiachwa kwenye friji ya barafu hupasuka, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Ndivyo ilivyokuwa: barafu ilitanuka kati ya nyuzi ikaziachanisha, naye akaweza kuzibandua fungu baada ya fungu. Kazi nzuri, lakini ilimsaidia mwanafunzi tu. Mgonjwa alikuwa ameshazikwa.

MAJI YANAYOONYESHA NJIA

Njia ya kuziona nyuzi za mtu aliye hai ilitokana na mashine inayoitwa MRI. Mashine hii haitumii eksirei. Ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa, na mgonjwa hulazwa ndani yake. Sumaku ya kawaida ya hospitali ina nguvu kama mara 30,000 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Mwili wetu una maji mengi, na ndani ya maji mna haidrojeni. Mashine huigusa haidrojeni hiyo kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa mawimbi yake. Kompyuta hukusanya majibu na kutengeneza picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003 kwa kazi yao juu ya picha hizi.

Lakini picha ya kawaida ya MRI huonyesha sehemu nyeupe kama kitambaa kimoja kisicho na nyuzi. Tunajuaje nyuzi zinaelekea wapi?

Hapo ndipo tunapoyafuata maji. Maji yaliyomo mwilini hayatulii. Punje zake zinatikisika na kutembea daima. Ukidondosha tone la wino ndani ya beseni la maji, wino husambaa sawasawa pande zote. Ukilidondosha juu ya mshipi wa kitambaa uliofumwa kwa nyuzi za kwenda upande mmoja, wino hukimbia zaidi kufuata nyuzi na kwenda kidogo tu kukatiza. Ndani ya ubongo ni hivyohivyo. Punje ya maji iliyo kati ya nyuzi hutembea kwa urahisi kuzifuata, na hupata kizuizi ikitaka kuzikata. Mwendo wenyewe ni mdogo: kwa muda wa mpigo mmoja wa kipimo, maji husogea kama sehemu moja kwa mia ya milimita. Hata hivyo mashine inaweza kuupima.

Mfaransa Denis Le Bihan alikuwa wa kwanza kutoa picha za mwendo huo wa maji katika ubongo, katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake, Le Bihan akiwa mmoja wao, walionyesha namna ya kupiga hesabu ili ijulikane maji yanaelekea wapi zaidi katika kila kipande cha ubongo. Kwa hesabu hiyo hupimwa angalau pande 6. Siku hizi mara nyingi hupimwa pande 30 au zaidi. Kufika mwaka 1999 watafiti waliweza kuifundisha kompyuta kuunganisha kipande na kipande: inaanza mahali fulani, inatazama maji yanaelekea wapi, inapiga hatua, inatazama tena, mpaka inachora mstari mzima. Ni kama mtu anayetembea usiku kwa tochi, akimulika hatua moja moja.

Mistari hiyo hupakwa rangi ili macho yaelewe. Kwa desturi, nyekundu ni nyuzi za kwenda kulia na kushoto, kijani ni za mbele na nyuma, na buluu ni za juu na chini. Picha zikikamilika zinapendeza kama ushanga.

RAMANI SI NCHI YENYEWE

Tusidanganyike na uzuri wake. Mistari ile si nyuzi zenyewe. Ni makisio ya kompyuta kutokana na mwendo wa maji, na yana mipaka mitatu ambayo inafaa tuijue.

1. Kipande kidogo kinachopimwa kwa kawaida kina upana wa karibu milimita 2. Ndani yake mna maelfu kwa maelfu ya nyuzi. Tunaona barabara kuu, hatuoni vichochoro.

2. Mahali njia mbili zinapokutana, kompyuta hubabaika. Mfikirie mchungaji anayefuata nyayo za ng'ombe vumbini. Akifika njia panda ambapo makundi mawili yamepita, anaweza kulifuata kundi lisilo lake. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya jaribio ambalo makundi 20 ya watafiti walipewa data za ubongo wa kutengenezwa na kompyuta, ambao njia zake zilijulikana tayari. Mengi yalizipata karibu njia zote za kweli. Lakini pamoja nazo yalichora pia njia nyingi ambazo hazikuwamo kabisa.

3. Ramani haisemi habari inatoka wapi kwenda wapi. Ukiona barabara, hujui kama lori lililopita lilikuwa linakwenda mjini au linarudi.

Kwa hiyo daktari mwenye busara hulinganisha ramani hii na uchunguzi wa mgonjwa mwenyewe.

FAIDA YAKE NI NINI?

Faida ya kwanza ni katika upasuaji. Mgonjwa akiwa na uvimbe katika ubongo, daktari anataka kuutoa wote bila kukata njia ya mkono au ya usemi. Ramani humwonyesha kama uvimbe umezisukuma nyuzi kando, au umezizunguka. Kwa kuwa ramani inaweza kukosea, katika hospitali kubwa zenye utaalamu huo mgonjwa huamshwa katikati ya upasuaji. Msishtuke: ubongo wenyewe hausikii maumivu, na ngozi hutiwa ganzi. Daktari hugusa sehemu kwa umeme mdogo huku mgonjwa akihesabu au kutaja majina ya picha. Akikwama, daktari anajua kwamba hapo pasikatwe.

Faida ya pili ni katika kiharusi. Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa kuchunguza paka, kwamba sehemu ya ubongo iliyokosa damu hubadilika mapema sana katika mwendo wake wa maji, kabla ya picha za kawaida kuonyesha lolote. Leo kipimo hicho kinatumika kwa binadamu mahali penye MRI, na ni msaada mkubwa.

Faida ya tatu ni elimu yenyewe. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 2010, mradi mkubwa uliwapima vijana wazima zaidi ya 1,000, wakiwamo pacha na ndugu wa familia moja, ili kuona jinsi njia za ubongo zinavyofanana na kutofautiana.

MGONJWA ASIYESEMA SI MJINGA

Sasa turudi kwenye fungu la upinde. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, aliishi kwa miaka 21 mgonjwa aitwaye Leborgne. Alikuwa amepoteza usemi akiwa na umri wa miaka kama 30. Kila alipoulizwa jambo alijibu neno moja tu, "tan", akilirudia mara mbili, hata watu wakamwita kwa neno hilo. Lakini mengi aliyoambiwa aliyaelewa, na alijitahidi kujieleza kwa ishara za mkono. Alipofariki mwezi Aprili 1861, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake akaona jeraha upande wa kushoto mbele. Tangu hapo ikafundishwa kwamba hapo ndipo makao ya usemi.

Broca hakuukata ubongo ule vipandevipande, aliuhifadhi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake waliweza kuuweka katika mashine ya MRI, miaka 146 baadaye. Waliona kwamba jeraha halikuishia juu. Lilizama ndani, likakata na njia za nyuzi zinazounganisha mbele na nyuma. Leborgne alikuwa amepoteza sehemu ya ubongo pamoja na barabara zake.

Hapa tunaomba kila familia isikilize vizuri. Barabara ikikatwa, kijiji cha ng'ambo hakijafa. Wagonjwa wengi wa kiharusi waliopoteza usemi bado wanawatambua watu wao, wanakumbuka, wanaona aibu, wanaumia moyo. Wengine huelewa karibu yote. Wengine huelewa kidogo. Lakini tumeona mara nyingi mzee mwenye heshima zake akijadiliwa mbele ya macho yake kana kwamba hayupo: shamba litagawanywaje, nani atabaki naye, kwa nini hafi akapumzika. Na yeye anasikia. Tafadhali tusifanye hivyo.

Fanyeni haya:
- Mwiteni kwa jina na cheo chake kama zamani: Baba, Bibi, Mwalimu.
- Ongeeni naye uso kwa uso, polepole, sentensi fupi. Msipige kelele, masikio yake hayajaziba.
- Ulizeni maswali ya ndiyo au hapana, ajibu kwa kichwa au kwa mkono. Mpeni muda.
- Mwonyesheni vitu: kikombe, shuka, picha za watoto.
- Mwimbieni nyimbo alizozizoea. Wapo wasioweza kusema neno lakini wakaimba nalo.
- Msimkatize wala kumcheka akikosea. Watoto nao wafundishwe.
- Msikose mazoezi ya viungo na ya matamshi mnayoelekezwa hospitali. Njia zilizobaki zinaweza kujifunza kazi mpya, lakini kwa kurudiarudia, miezi mingi.

UKIANDIKIWA KIPIMO CHA MRI

Mgonjwa hulala kimya kwa nusu saa au hata saa nzima, na mashine hugonga kwa kelele kubwa. Utapewa vizibo vya masikio. Hakuna maumivu. Hatari ni chuma. Mwambie mhudumu kama una kifaa cha moyo, chuma kilichowekwa mfupani au kichwani, kipande cha chuma jichoni, au kama una mimba. Vua saa, pini, mkanda, hereni, hata rozari na medali ya shingoni. Ndugu asiingie chumbani bila ruhusa. Mwaka 2001 katika jimbo la New York, Marekani, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kuvutwa na sumaku na kumpiga kichwani. Sumaku ile haizimwi kama taa; inavuta usiku na mchana.

NA SISI TUSIO NA MASHINE?

Mashine hizi ni ghali, na katika nchi zetu ziko katika hospitali chache kubwa. Jitihada zipo. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara nchini Uganda, wataalamu wa hapo pamoja na wenzao kutoka nje waliunganisha mashine ndogo ya MRI yenye sumaku dhaifu na ya bei nafuu. Mashine za namna hiyo bado hazichori njia za nyuzi kwa undani tuliousimulia, lakini ni mwanzo mwema.

Wakati tukisubiri, kulinda nyuzi ni rahisi kuliko kuzichora. Adui yao mkubwa hapa kwetu ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Halina maumivu, kwa hiyo wengi huacha dawa wakijiona wazima. Pimeni presha, pimeni sukari, mezeni dawa kila siku, punguzeni chumvi, acheni sigara, na pombe isizidi.

Na mtu akishikwa ghafla, angalieni mambo matatu. Uso: mdomo umekwenda upande? Mkono: akiinua yote miwili, mmoja unashuka? Usemi: maneno yanakokotana, au hayatoki? Hata moja likiwapo, tazameni saa dalili zilipoanza, mwandikeni, mkimbilieni hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali ilipo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa sababu hiyo msimpe asipirini nyumbani. Wala msimpe uji, maji au dawa ya miti shamba kinywani. Koo lililolegea hupeleka chakula kwenye mapafu. Mlazeni kwa ubavu na mwondoke naye.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kwa nini kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hulegeza mkono wa kulia?
2. Maji yanawezaje kuonyesha njia ya nyuzi?
3. Kwa nini daktari haamini ramani peke yake?
4. Yuko nani katika familia au jumuiya yetu asiyeweza kusema? Mara ya mwisho tuliongea naye lini, si kumhusu, bali naye mwenyewe?
5. Nani nyumbani kwetu hajapima presha mwaka huu?